Anavua Nini Mbalamwezi Hii?

Picha ya bahari ya mbalamwezi unaijua kabla hujaitazama. Mwezi mpevu umekaa juu, kando kidogo ya katikati. Chini yake mstari mweupe unateremka majini kama ngazi. Mawingu mawili matatu yamepakwa mwanga pembeni. Kuna jahazi moja jeusi tii, tanga limejaa upepo. Ukiona na mnazi umeinama upande mmoja, ujue mchoraji alibakiwa na nafasi. Picha hii imetundikwa mapokezi ya hoteli na kwenye kuta za saluni, inauzwa kwenye maduka ya vinyago kuanzia Lamu hadi Mikindani, na sasa inatoka mikononi mwa vijana wa Kilwa Masoko na Lindi wanaojifunza rangi za mafuta kwa kufuata masomo ya video kwenye simu.

Sina ugomvi na masomo hayo. Kijana wa Lindi anayetaka kujifunza rangi za mafuta darasani atafunga safari hadi Dar es Salaam au Bagamoyo, na si kila mtu ana nauli, ada na mahali pa kulala. Simu anayo. Na ukweli ni kwamba masomo yanafundisha. Unapaka kanvasi yote giza, bluu iliyochanganywa na nyeusi na tone la zambarau, unaacha duara pale mwezi utakapokaa. Kabla rangi haijakauka unaingiza nyeupe kwenye duara, unaizungusha kwa brashi kavu mpaka mwanga unayeyukia gizani. Unapiga upeo wa macho kwa mstari mmoja. Unavuta nyeupe moja kwa moja kwenda chini, kisha unapitisha brashi safi kushoto na kulia, kwa wepesi wa kumpangusa mtoto uso, na hapo hapo maji yanatokea. Mara ya kwanza kuyaona ni kama mazingaombwe.

Ndani ya mazingaombwe hayo kuna elimu halisi. Unajifunza kwamba nyeupe haiwaki yenyewe, inawashwa na giza lililoizunguka. Unajifunza ukingo mkali na ukingo laini, na kwamba jicho linakimbilia ule mkali. Unajifunza kuacha, jambo gumu kuliko yote, kwa sababu kila pigo la brashi baada ya lile la mwisho linaharibu. Bob Ross, ambaye kipindi chake kilianza kwenye televisheni ya Marekani mwaka 1983, alikuwa akimaliza picha nzima ndani ya nusu saa, na watu waliokuwa hawajawahi kushika brashi wakathubutu. Hilo si jambo dogo.

Lakini Ross alikuwa ametumikia jeshi la anga miaka mingi Alaska, na milima na misonobari ya kule ilimtoka mkononi hata alipochora mahali pengine. Kila fundi yuko hivyo. Mbinu haisafiri peke yake, inasafiri na mandhari iliyoizaa. Mwanafunzi anayepokea namna ya kuvuta brashi anapokea pia bahari ya mtu mwingine, na kwa kuwa bahari hiyo ni nzuri, hana sababu ya kuishuku.

Tumchukue fundi mkubwa kuliko wote wa mambo haya. Ivan Aivazovsky alizaliwa mwaka 1817 Feodosia, mji wa bandari wa Crimea kwenye Bahari Nyeusi, akafia huko huko mwaka 1900. Hakuwa akichora ufukweni. Aliamini kwamba mawimbi hayamsubiri mchoraji, kwa hiyo alitazama, akarudi chumbani, akachora kwa kumbukumbu. Mbalamwezi zake zina maji ambayo unahisi ungeweza kutumbukiza mkono. Ila kuna jambo moja ambalo sijasikia likitajwa kwenye masomo ya video: Bahari Nyeusi haijai wala haipwi kwa kiasi cha kuonekana kwa macho. Ghuba ya Naples, aliyoichora chini ya mwezi mwaka 1842, nayo inapanda na kushuka kidogo mno. Aliyetuonyesha bahari ya mwezi inavyokaa alikuwa na bahari isiyokwenda mahali. Kwake, mwezi na maji vilikutana kwenye mwanga tu.

Kilwa vinakutana kwenye kamba pia, na kwenye nanga, na kwenye saa ya kutoka.

Kila mtoto wa pwani anajua bamvua. Mwezi ukiwa mpevu, na ukiwa umeandama, maji yanajaa sana na kupwa sana. Katikati ya hapo ni maji mafu. Kwenye pwani yetu tofauti ya maji makuu na maji madogo wakati wa bamvua inazidi mita 3. Na lipo jambo ambalo mvuvi analijua bila kulifikiria: hapa bamvua ina saa zake. Siku za mwezi mpevu maji yanajaa karibu na saa 10 alasiri, yanafika chini kabisa karibu na saa 4 usiku, yanarudi juu kabla ya alfajiri. Mwezi wenyewe unatoka baharini karibu na magharibi. Yaani unapochomoza maji tayari yanaondoka, na unapokuwa umepanda vizuri, saa ile ambayo picha zetu zote zinaipenda, sehemu kubwa ya bahari ya mbele haipo. Kuna mchanga, matope, majani ya bahari yaliyolala, miamba, vidimbwi, na mashua zimelala ubavu. Yale mawimbi yanayopasuka miguuni mwa mtazamaji chini ya mwezi mpevu wa saa 4 ni ya pwani nyingine.

Hayo hayakunijia kwa kusoma. Rafiki yangu mmoja wa Masoko, ambaye kwa miezi kadhaa alikuwa akijifunza kwa namna hiyo niliyoieleza, alimaliza picha aliyoiona ya kwanza kustahili kuonyeshwa. Mwezi mpevu, maji mengi, mashua mbili kwa mbali, kila moja na taa ya njano. Taa zilikuwa wazo lake mwenyewe, hazikuwemo kwenye somo. Alitaka picha iwe ya Kilwa. Akampelekea baba yake, mtu aliyevua dagaa tangu enzi za karabai mpaka hizi za taa za betri. Mzee akaishika kwa mikono miwili, akaitazama kwa muda, akayasifu maji. Kisha akauliza:

"Mwanangu, hawa wanavua nini mbalamwezi hii?"

"Dagaa, baba."

"Dagaa kwa mwezi huu?" Akacheka kidogo, akairudisha.

Kwa msomaji asiye wa pwani: dagaa mchele wanavuliwa kwa taa. Unawasha taa juu ya maji meusi, samaki wanakusanyika chini ya mwanga, wavu unazungushwa. Kazi hiyo inahitaji giza. Mwezi ukiwa mkubwa bahari yote ni taa, samaki wanatawanyika, na mafuta ya mashine yanakwenda bure. Kwa hiyo mwezi wa mvuvi wa dagaa umegawanyika: kuna siku za giza, ambazo ni za kazi, na siku za mbalamwezi, ambazo nyavu zinashonwa, mashua inapandishwa na kukwanguliwa, na madeni yanasubiri giza lirudi. Wapo wanaotoka na mishipi au jarife hata mwezi ukiwaka, lakini taa ya dagaa chini ya mwezi mpevu haina maana yoyote. Ni sawa na kuchora mkulima anavuna mpunga shambani alikopanda mihogo.

Na hapa ndipo swali la mzee linapogeuka kuwa la uhakiki. Picha ya mbalamwezi inauza hisia moja, nayo ni utulivu. Katika nyumba ya mvuvi wa dagaa, mbalamwezi ni wiki isiyo na pesa. Ni nzuri pia, sikatai. Watoto wanacheza nje, wazee wanakaa barazani mpaka usiku mwingi. Lakini ni uzuri wenye hesabu ndani yake. Rafiki yangu alikulia katika hesabu hiyo, na somo la dakika 40 lilimtosha kuisahau. Kinachonisumbua ni kwamba alikuwa na habari ambayo Aivazovsky mwenyewe hakuwa nayo, akaiweka pembeni ili apate kuchora kama mtu asiyeijua.

Makosa mengine ya aina hii yamezagaa. Mwezi mwembamba juu ya bahari, kwa mfano, na jahazi linarudi jioni. Kilwa Masoko bahari kuu iko mashariki. Mwezi mchanga unaonekana magharibi baada ya jua kuzama, upande wa bara. Ukitaka mwezi mwembamba juu ya bahari kuu utaupata kabla ya alfajiri, mwezi ukiwa unakwisha, na jahazi lako litakuwa na habari nyingine kabisa. Halafu mwezi huo huo mwembamba, tulivyo karibu na ikweta, mara nyingi hulala chali kama mtumbwi. Ule uliosimama wima kama mundu ni mwezi wa mbali kaskazini, umekuja na somo. Ajabu ni kwamba mtu anayefunga na kufungua kwa kuutafuta mwezi huo angani kila mwaka anaweza kukaa mbele ya kanvasi akauchora umesimama.

Na ile njia nyeupe majini. Wachoraji wengi wanaielekeza kwenye jahazi kwa sababu jahazi ndilo mhusika. Lakini njia ya mwezi haimwendei yeyote ila anayetazama. Simama ufukweni na mwenzako hatua 50 kando, kila mmoja atakuwa na njia yake, na hakuna atakayeiona ya mwenziwe. Wakati wa kusi, bahari ikichafuka, inatawanyika kuwa vipande vipana. Maji yakitulia inakuwa nyembamba. Na mwezi ukikaribia utosi, kama unavyofanya huku katikati ya usiku, njia inakufa na kubaki mmeto chini ya miguu. Ukichora njia hiyo unakuwa umeshasema wewe mtazamaji uko wapi, upepo ni gani na saa ngapi. Wengi wetu tunayasema yote matatu bila kujua tumesema.

Kuhusu bluu nitakuwa mfupi. Mwanga wa mwezi si wa bluu. Ni mwanga wa jua uliogonga mwamba wa kijivu, na kamera ikiachwa wazi muda mrefu italeta picha ya usiku inayofanana na mchana. Bluu iko kwenye macho yetu na kwenye mazoea ya wachoraji. Purkinje, mwanasayansi wa Bohemia wa karne ya 19, alieleza jinsi nyekundu inavyozimika mapema kuliko bluu giza linapoingia. Jaribu kwa kanga mbili zilizoanikwa magharibi ikiingia: nyekundu itakuwa nyeusi wakati ya bluu bado inaonekana. Bahari ya Kilwa chini ya mwezi naiona ya kijivu chenye ukijani, na mchanga rangi ya majivu ya kuni. Bluu ya video ni ya chupa.

Tuje kwenye rangi zenyewe, maana hapa kuna hadithi isiyopewa haki yake. Ingia duka la vifaa vya ujenzi Lindi mjini uombe rangi ya mafuta. Utapewa kopo la rangi ya milango. Katika Kiswahili cha dukani hiyo ndiyo rangi ya mafuta, na ile ya kuta ni rangi ya maji. Mirija midogo ya wachoraji, ile iliyosagwa na mafuta ya kitani, inaagizwa mbali, na bei ya mrija mmoja inampa mwanafunzi sababu ya kupaka kwa uchoyo. Lakini kopo la dukani lina ukoo wake katika sanaa. Edward Saidi Tingatinga, mtu wa kusini, aliyezaliwa Tunduru mwaka 1932, alichora Dar es Salaam kwa rangi ya kung'aa kama ya baiskeli juu ya hadibodi, akafariki mwaka 1972 akiwa ameacha mtindo unaobeba jina lake mpaka leo. Rangi hiyo inakauka upesi, haikupi muda wa kuyeyusha ukingo. Kwa hiyo mnyama wake ana mpaka, na ardhi yake ina mpaka. Watu huona hapo ukosefu wa ujuzi. Mimi naona mtu aliyeielewa rangi yake.

Rangi za mirija zinachukua siku, pengine wiki, na unyevu wa pwani hauzisaidii. Ucheleweshaji huo ndio unaowezesha ule ukungu wa mwanga kuzunguka mwezi. Ndio pia unaowezesha kuficha. Pale ambapo mchoraji hajui mashua imefungwa wapi, anapitisha brashi laini, na kutojua kwake kunaitwa hali ya hewa. Sisemi ukungu ni udanganyifu. Nasema unampa mchoraji mahali pa kujificha ambapo rangi ya mlango haikumpa Tingatinga.

Nasikia pingamizi: picha si jedwali la maji. Ni kweli. Arkhip Kuindzhi aliionyesha picha yake ya usiku wa mwezi juu ya mto Dnieper mwaka 1880 huko St Petersburg peke yake, chumba kimetiwa giza, mwanga umeelekezwa juu yake, na watazamaji wakashuku kuna taa nyuma ya kanvasi. Huo ni mchezo mtupu. Albert Pinkham Ryder wa Marekani alichora mashua chini ya mwezi ambazo hazingeelea dakika moja, na ni picha ninazozipenda kuliko zote za aina hii, hata sasa zilivyojaa nyufa kwa sababu alikuwa akirundika rangi mbichi juu ya mbichi. (Ya Kuindzhi nayo imezidi kuwa nyeusi kwa sababu ya lami aliyotumia. Mbalamwezi zina bahati mbaya na kemia.) Ila Kuindzhi alikuwa anatia chumvi usiku alioujua. Kutia chumvi kunahitaji kwanza uwe na chakula.

Na kuna aliyekuwa nacho hapa hapa. Sam Ntiro, aliyezaliwa Machame mwaka 1923, akasoma Makerere na kisha Slade huko London, ana picha ya mwaka 1956 ambayo Jumba la Sanaa za Kisasa la New York liliinunua mwaka 1960. Ni ya rangi za mafuta, na jina lake kwa Kiswahili ni "Wanaume Wakimpelekea Bibi Harusi Pombe ya Ndizi Usiku". Lisome tena jina hilo. Watu wanatangulia, halafu wanachofanya, halafu anayefanyiwa, halafu wanachobeba, na usiku unakuja mwisho kama saa ya shughuli. Mwezi haukutajwa. Tulikuwa na mchoraji wa mafuta aliyeuona usiku kuwa ni wakati ambao watu wana mahali pa kwenda, na bado tunajifunza usiku ambao kazi yake ni kumtuliza mgeni.

Hili lina uzito wa pekee Kilwa. Kisiwani na Songo Mnara ziliingia kwenye Urithi wa Dunia mwaka 1981, zikawekwa katika orodha ya hatari mwaka 2004 na kuondolewa mwaka 2014. Magofu ni ya kweli na yanastahili fedha zote yaliyopata. Lakini tangu hapo Kilwa inauzwa kama mji uliokwisha: Ibn Battuta alipita mwaka 1331, Husuni Kubwa ikajengwa juu ya jabali, kisha kimya. Bahari tupu ya mbalamwezi ni picha kamili ya kimya hicho. Haina mtu wa kuuliza bei ya mafuta ya mashine. Haina hata taa za mitambo ya gesi ya Songo Songo, ambazo kwa mtu aliye baharini upande huo ni sehemu ya usiku kama nyota. Kijana wa Masoko anapochora bahari hiyo ili hoteli inunue, anasaidia kuwaondoa ndugu zake kwenye picha, na analipwa kwa hilo. Simlaumu kwa kulipwa.

Rafiki yangu alichora nyingine. Saa ni 4 usiku, bamvua, maji yamekwenda. Mashua moja imelala ubavu, na kwa kuwa mwezi uko mashariki juu ya bahari, kivuli chake kinamjia mtazamaji, kipana, kinakula theluthi ya mchanga. Wanaume watatu wamekaa upande wenye mwanga, vichwa tu vinaonekana juu ya ubavu wa chombo. Hakuna taa hata moja. Kuna vidimbwi vingi, na mwezi ameuweka kwenye kimoja tu, kilicho karibu na ukingo wa chini wa kanvasi. Vingine vina anga tupu. Ndivyo inavyokuwa, nilikwenda kuhakikisha.

Aliyenunua ile ya kwanza aliitazama hii akauliza maji yako wapi. Hakuichukua.

Si picha isiyo na dosari. Bado ina bluu nyingi kuliko inavyostahili, hasa angani, ambako mkono umerudi kwenye mazoea ya video. Mchanga ni safi mno. Pwani ya Masoko saa hiyo ina vifuu, chupa na magamba. Wale wanaume wamekaa kwa mpangilio wa watu wanaojua wanachorwa. Lakini kuna kamba. Inatoka puani mwa mashua, inapita juu ya mchanga bila kuvutwa na kitu, imejikunja mara mbili, inaishia kwenye nanga ambayo imelala wazi kama jembe lililosahaulika. Ameipaka kwa rangi nzito, ukingo mkali, bila ukungu wowote, na katika picha nzima ndiyo sehemu ambayo brashi haikusita. Ukiitazama kamba hiyo unajua maji yatarudi yatokee wapi, na yatafika wapi juu ya mchanga kabla hawa watatu hawajaamka.